Waifai haifiki chumba cha nyuma, na simu ya kabatini haiwaki: nianzie wapi?

Mkazi_wa_Bloku

Habari wakuu. Naomba msaada wa mambo mawili.

Ruta: kifurushi ni cha faiba, 50 Mb/s. Sebuleni napata 45 na zaidi, chumba cha nyuma 2 au 3, na usiku video inagoma kabisa. Katikati kuna jiko na kuta mbili za tofali za bloku. Ruta ina antena nne, imekaa nyuma ya TV. Dukani wanashauri ninunue ya antena nane, au ile ripita (kifaa cha kurudia mawimbi) ya kuchomeka ukutani.

Simu: ni Android, ilikaa kabatini miezi mingi bila chaji. Sasa haiwaki, haitetemeki, na ukichomeka chaja hata alama ya betri haitokei. Ina picha za familia ambazo hazipo kwingine, kwa hiyo sitaki mtu aifute.

Fundi_Nondo

Mkuu, usinunue chochote bado. Kwanza chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya, upime spidi mchana, kisha saa tatu usiku. Ikishuka usiku hata kwa waya, tatizo liko kwa mtoa huduma na hakuna ruta itakayolitibu. Ikibaki karibu na 50, tatizo ni waifai yako na tunaendelea.

Wingi wa antena usikudanganye. Nguvu ya kurusha ina kikomo cha kisheria, na mawasiliano ya waifai ni ya pande mbili: ruta ikipiga kelele kiasi gani, simu yako bado inajibu kwa sauti yake ndogo, na jibu hilo ndilo linalokwama ukutani.

Itoe nyuma ya TV. TV ina bamba kubwa la chuma. Iweke juu, mita moja na nusu hadi mbili kutoka sakafuni, mbali na friji, kioo kikubwa na tangi la maji. Antena zisimame wima, kwa sababu wimbi hutoka ubavuni mwa antena, si nchani. Kwenye nyumba ya ghorofa, laza moja ili wimbi lake liende juu na chini.

Kisha ingia kwenye mipangilio ya ruta (anwani imebandikwa chini yake, mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1):

- Tenganisha majina ya bendi mbili za waifai, yaani GHz 2.4 na GHz 5. GHz 5 ina kasi lakini ukuta wa bloku unaila haraka, na GHz 2.4 inapenya vizuri zaidi. Jina likiwa moja, simu huweza kung'ang'ania bendi isiyofaa mahali ulipo.
- Kwenye GHz 2.4 weka upana wa MHz 20 na uchague chaneli 1, 6 au 11 tu. Hizo tatu ndizo zisizoingiliana. Ukiweka 3 au 4 unagongana na majirani wa pande zote mbili.
- Kwenye GHz 5 anza na 36 hadi 48. Chaneli za 52 kwenda juu hadi 144 zinatumiwa pia na rada, hivyo ruta hulazimika kusikiliza angalau dakika moja kabla ya kurusha, na rada ikisikika inahama ghafla.
- Usalama uwe WPA2 ya AES, au WPA3. Ukiiacha kwenye TKIP, ulinzi wa kizamani, kasi inafungwa kwenye 54 Mb/s za kiwango cha zamani, na mkononi utapata kama nusu yake.

Pima nguvu ya mawimbi kwa programu ya WiFi Analyzer ukiwa kitandani; inasoma kwa dBm, na namba ikikaribia sifuri mawimbi yana nguvu zaidi. -50 hadi -60 dBm ni safi, -67 bado inabeba simu ya video, -80 usitegemee kitu.

Dada_Soketi

Ripita ya ukutani inatosha mbona. Bei ndogo, unachomeka tu na kazi imeisha.

Fundi_Nondo

Inatosha kwa WhatsApp. Ripita inayopokea na kurusha kwa bendi ileile hukata kasi karibu nusu, maana kila pakiti ya data inasafiri hewani mara mbili. Tena watu huichomeka kwenye chumba chenye mawimbi mabovu, ikabaki kurudia ubovu uleule. Ikibidi, iwe katikati ya safari, mahali panaposoma -65 au bora zaidi.

Dawa ya kudumu ni waya hadi chumba cha nyuma, na ruta yoyote ya zamani mwishoni:

1. Nunua kebo ya mtandao ya Cat5e au Cat6 ya shaba tupu. Ile ya alumini iliyopakwa shaba ni rahisi, lakini inakatika ukiikunja na inapoteza zaidi. Mwisho wa urefu ni mita 100.
2. Funga vichwa vyote viwili kwa mpangilio mmoja: mweupe-chungwa, chungwa, mweupe-kijani, buluu, mweupe-buluu, kijani, mweupe-kahawia, kahawia.
3. Kwenye ruta ya pili zima DHCP (kazi ya kugawia vifaa anwani), ipe anwani 192.168.1.2 kama ya kwanza ni 192.168.1.1, kisha chomeka waya kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani), si la WAN (la kuingizia intaneti).
4. Majina na nywila ziwe zilezile za ruta ya kwanza, chaneli ziwe tofauti.

Siku ukipandisha kifurushi kupita 100 Mb/s na spidi ikagoma kwenye 94 hivi, kagua vichwa kwanza. Nyuzi nne zikishika (1, 2, 3 na 6) waya unafanya kazi, ila hauvuki 100. Kwa gigabiti (1000 Mb/s) zinatakiwa zote nane.

Bodi_na_Risasi

Nichukue upande wa simu. Kama betri imevimba na mfuniko umeinuka, usiichaji wala kuibonyeza.

Kama haijavimba, safisha tundu la chaji kwa kijiti cha meno cha mbao. Vumbi likishindiliwa ndani, plagi haifiki mwisho. Tumia chaja ya kawaida ya V 5 na kebo ya USB pana (Type-A) kwenda Type-C. Kebo ya Type-C pande zote mbili haitoi umeme mpaka pini za CC (za kutambulisha chaja na simu) zitambuane, na tundu bovu au la bei rahisi hushindwa hapo.

Halafu tafuta kipima-amp cha USB, ukiweke kati ya chaja na simu:

- 0.00: umeme hauingii. Shida ni tundu, utepe wake wa nyaya, au saketi ya chaji.
- 0.03 hadi 0.2, imetulia: betri imeshuka mno na simu inailisha polepole. Iache saa kadhaa, mahali unapoiona, mbali na godoro.
- 0.5 na zaidi: inachaji, pengine kioo ndicho kilichokufa. Mulika tochi kwa ubavu kutafuta picha hafifu, au sikiliza mlio unapoichomeka kwenye kompyuta.

Baada ya hapo shikilia kitufe cha kuwasha na cha kupunguza sauti pamoja kwa sekunde 20.

Mkazi_wa_Bloku

Asanteni sana. Waya: 48 mchana na usiku. Simu: 0.06 kwa saa nne, haikupanda. Fundi mmoja anasema aiflashi (aweke upya programu ya simu), mwingine anataka kuishtua betri kwa V 9.

Bodi_na_Risasi

Wote wawili waambie hapana.

Seli ya lithiamu ikikaa chini ya V 2 kwa muda mrefu, shaba ya ndani huyeyuka, na ukiichaji inaganda upya mahali pasipotakiwa na kuleta shoti. Kuishtua ni kutafuta moto. Fungua mfuniko, chomoa betri, pima ncha za pembeni kwa multimita kwenye DC V 20. Ikisoma chini ya 2.5, weka betri mpya.

Kuflashi ni dawa ya programu iliyoharibika, na hapa hakuna dalili yake bado. Kama chipu ni ya MediaTek na mtu akachagua "Format All" (futa vyote) kwenye SP Flash Tool, programu ya kuflashia, picha zinakwenda na IMEI, namba ya utambulisho wa simu, inakwenda nazo.

Ikikataa hata kwa betri mpya, mpe fundi mwenye pawa saplai ya maabara, aiweke V 4.0. Ikivuta amp moja kabla hajagusa kitufe, kuna shoti kwenye bodi. Ikivuta kidogo baada ya kitufe na kuganda hapo, shida iko kwa prosesa, memori au programu. Ikipanda na kuchezacheza, inawaka. Usikubali memori ing'olewe "kusoma picha". Kwenye simu za miaka hii data imefungwa kwa ufunguo ulio ndani ya prosesa, kwa hiyo bodi ileile lazima iamke, na PIN lazima uikumbuke.

Ikishawaka, usikubali sasisho lolote. Ichomeke kwenye kompyuta, chagua kuhamisha faili, nakili folda ya DCIM (picha za kamera) kwanza, kisha Pictures, kisha Android/media ambako picha za WhatsApp hukaa.