Waliosoma uchumi chuoni: tupeane uzoefu wa masomo na ajira

#1
Wakuu, matokeo ya kidato cha sita yakitoka tu, vijana wa michepuo yenye uchumi (EGM, HGE na ECA) huja na swali lilelile: nikisoma uchumi nitaajiriwa kama nani? Mliopita huko wekeni mambo ya kutendeka, "soma kwa bidii" haimsaidii mtu. Naanza na hesabu, maana sapu (mitihani ya marudio) nyingi za mwaka wa kwanza zinatokea hapo.

Aliyetoka HGE amesoma BAM (hesabu za msingi), na BAM haitoshi. Likizo ya kusubiri chuo aitumie kwa difrensiesheni na matriki. Chukua swali hili la kawaida: mnunuzi ana shilingi 100, x inauzwa 2, y inauzwa 5, na ridhiko lake ni x mara y. Kwa njia ya Lagrange (ya kutafuta ridhiko kubwa kabisa ndani ya bajeti) unapata x = 25, y = 10, lamda = 5. Wengi wanapiga mstari hapo, kumbe swali linalofuata ni "lamda ina maana gani?" Maana yake, mnunuzi akiongezewa shilingi 1, ridhiko linapanda kwa takriban 5. Hakikisha mwenyewe kwa shilingi 101: x inakuwa 25.25, y 10.10, na zao lake 255.025 badala ya 250. Ukiweza kumweleza hivyo mtu asiyesoma uchumi, somo limekaa.

#2
Naongezea risechi ya mwaka wa tatu, ambako watu wanaumia bila kujua. Mwanafunzi anachukua data za miaka 20, anaweka vigezo 6, anaendesha rigresheni (kupima uhusiano wa vigezo) kwenye programu ya Stata au EViews, R² (kipimo cha jinsi modeli inavyoendana na data) inatoka 0.97, anashangilia. Pato la taifa linapanda kila mwaka, ujazi wa fedha nao unapanda kila mwaka. Vitu viwili vinavyopanda pamoja vitaonekana ndugu hata kama havijuani. Tazama namba ya Durbin-Watson (inaonyesha kama makosa ya modeli yanafuatana mwaka hadi mwaka): ikiwa ndogo kuliko R², usiyaamini matokeo. Watafiti Granger na Newbold walilionya hili tangu 1974. Anza na kipimo cha Dickey-Fuller (kinachoangalia kama data zimetulia au zinahamahama), tumia badiliko la mwaka hadi mwaka pale inapobidi, na punguza vigezo. Kwa miaka 20, viwili au vitatu vinatosha.

Binafsi namshauri kijana atumie data za kaya. NBS (Ofisi ya Taifa ya Takwimu) ina utafiti unaozirudia kaya awamu kwa awamu, ulioanza 2008/09, na data zake unazipakua bure kwenye maktaba ya data ya Benki ya Dunia ukishajisajili. Usisahau uzani wa sampuli (namba inayoonyesha kila kaya inawakilisha kaya ngapi). Bila uzani, wastani wako ni wa kaya zilizohojiwa, si wa Watanzania.

#3
Kuhusu ajira: usitafute neno "uchumi" peke yake. Tangazo linaweza kuandikwa Mchumi Daraja la II, Afisa Mipango, Mtakwimu, au Afisa Usimamizi wa Kodi kule TRA. Benki wanakuhitaji kwenye uchambuzi wa mikopo, mashirika kwenye ufuatiliaji na tathmini. Soma sifa zilizotajwa, cheo kisikutishe.

Anayelenga halmashauri aijue kazi yenyewe kabla ya usaili. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini mipango inaanza kuandaliwa miezi mingi kabla, kwa kuibua vipaumbele vijijini na mitaani, kisha inaingizwa kwenye PlanRep, mfumo wa mipango na bajeti wa halmashauri. Jua na mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: wanawake asilimia 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2. Kwenye mapato ya milioni 800 hiyo ni milioni 32, 32 na 16. Hesabu ndogo, ila mtu akibabaika nayo mbele ya jopo inamshusha.

#4
Wengine wanaondolewa kabla hata ya usaili wa mchujo, inauma sana. Kwenye Ajira Portal (mfumo wa mtandaoni wa kuomba kazi serikalini) barua ya maombi lazima isainiwe. Hati ya matokeo ya kidato cha nne au cha sita haipokelewi badala ya cheti chenyewe, na matokeo ya muda ya chuo pia hayapokelewi. Majina yakitofautiana kati ya cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule, shughulikia hati ya kubadili jina sasa hivi, ukiwa bado chuoni. Tangazo likishatoka muda hautoshi.