Tupeane uzoefu: kanisa na misaada ya tetemeko la nje ya nchi (mfano wa Nepal 2015)

Mwanzisha mada

Bwana asifiwe wapendwa. Kila tetemeko likitokea mbali, sharika zetu hutangaza sadaka maalum Jumapili inayofuata. Sadaka inapatikana, kisha kamati inakaa na swali lile lile: ipelekwe kwa nani, inunue nini? Naomba tuichukue Nepal kama darasa. Wanaojua kazi yenyewe, ya stoo, maji, ujenzi au hesabu, waandike kwa vipimo. Shuhuda za safari tuziweke kando kwa leo.

Kwa kifupi: tetemeko kuu lilipiga 25 Aprili 2015, saa 5:56 asubuhi, ukubwa 7.8, chanzo chake wilaya ya Gorkha. Tarehe 12 Mei likaja jingine la 7.3 upande wa mashariki. Walikufa watu karibu 9,000, na zaidi ya nyumba nusu milioni zilianguka. Siku ile ilikuwa Jumamosi. Nepal wakati ule siku ya mapumziko ilikuwa Jumamosi, Jumapili watu walikuwa kazini, kwa hiyo Wakristo walisali Jumamosi. Tetemeko liliwakuta ibadani, na makanisa mengi ya mjini hukodi ghorofa za juu za nyumba za watu.

Mambo mawili yaliamua kila kitu baadaye. Mvua za monsuni huanza karibu katikati ya Juni, maana yake zilibaki wiki saba hivi. Halafu Wakristo walikuwa asilimia 1.4 tu kwa sensa ya 2011, katika nchi ambayo sheria inakataza kumbadilisha mtu dini. Karibuni.

Mhasibu wa Sharika

Nianze na fedha, maana ndipo nia njema nyingi hukwama.

Msifungue akaunti mpya kule, na msimtumie mtu binafsi hata kama ni mchungaji mnayemfahamu. Serikali ya Nepal ilitangaza kwamba michango inayoingia kwenye akaunti zilizofunguliwa baada ya tetemeko itahamishiwa Mfuko wa Maafa wa Waziri Mkuu. Walioendelea kufanya kazi ni wale waliokuwa wamesajiliwa tangu zamani: Caritas Nepal, ADRA Nepal, shirika la Shirikisho la Kilutheri Duniani, na United Mission to Nepal iliyoko huko tangu 1954 na ina hospitali Tansen na Okhaldhunga. Kwa hiyo fuateni mnyororo wa dhehebu lenu. Mkatoliki apitishe Caritas ya nchi yake hadi Caritas Nepal. Mlutheri apitishe makao makuu ya kanisa lake hadi Shirikisho. Wasabato wana ADRA.

Kusanyeni sharika zote, tumeni mara moja. Kila benki ya katikati hukata ada yake, na miamala kumi midogo hukatwa mara kumi.

La tatu watu hulidharau: maneno ya tangazo la sadaka. Mkiandika "chakula cha waathirika wa tetemeko", fedha hiyo inafungwa kwenye chakula. Miezi mitatu baadaye chakula kipo sokoni, watu wanataka saruji, na mpokeaji mwaminifu hawezi kuigusa bila barua yenu. Andikeni "msaada wa dharura na ujenzi mpya baada ya tetemeko". Kwa maoni yangu nusu ya sadaka au zaidi ingojee ujenzi. Wiki ya kwanza dunia nzima inatuma. Baada ya miezi sita wanabaki wachache.

Fundi Bati

Asante mtumishi. Mimi niseme paa, maana monsuni haingoji kikao.

Turubai ya kawaida ya misaada ni mita 4 kwa 6, yenye mikanda iliyoimarishwa na matundu ya kufungia. Kila familia ipewe mbili, pamoja na kamba. Kosa kubwa ni kuipigilia misumari moja kwa moja: upepo wa usiku mmoja unaichana kuanzia pale penye msumari. Ifungwe kwa kamba kwenye matundu. Tundu likikatika, zungushia kijiwe ndani ya turubai, funga kamba shingoni mwake. Katikati iwekwe boriti ya kuinua mgongo ili maji yasituame, na mfereji uchimbwe kuzunguka kibanda kabla ya mvua ya kwanza.

Turubai ni ya miezi michache, jua linaimaliza. Ndiyo maana Nepal kazi ilihamia haraka kwenye bati. Bati kule huuzwa kwa bando la futi 72 za urefu: kumi na mbili za futi 6, au tisa za futi 8. Viwango vya Sphere, vile vya kimataifa vya misaada ya dharura, vinataka mita za mraba 3.5 zilizoezekwa kwa kila mtu, kwa hiyo watu watano ni 17.5. Bando moja ukishatoa milalio, pale bati linapolalia jingine, haliifikii hesabu hiyo, na ukuta bado. Mabando mawili kwa familia ndiyo hesabu ya kweli.

Geji, yaani namba ya unene wa bati, ndipo watu hudanganyika. Namba ikiwa kubwa bati ni jembamba. Ukinunua jembamba unapata mabando mengi ya kupiga picha, lakini linapinda njiani, na familia haiwezi kulitumia tena kwenye nyumba ya kudumu. Nene linaezuliwa na kuezekwa upya. Upande mwingine, bando nene hupita kilo 60, na vijiji vingi vya wilaya za Gorkha na Dhading hufikiwa kwa miguu. Lifunguliwe barabarani, libebwe kwa vipande, na wapagazi walipwe. Hao wapagazi nao ni waathirika, ule ujira ni msaada.

Kuezeka: msumari wenye mpira upigwe juu ya mgongo wa wimbi, usipigwe bondeni, kwa sababu maji hupita bondeni. Bati lilaliane wimbi moja na nusu ubavuni, sentimita 15 kichwani, na mlalio uelekee kule upepo unakokwenda. Paa lifungwe chini kwa waya.

Pamoja na bati toeni zana kwa kila kundi la nyumba tano au sita: sururu, beleshi, msumeno, nyundo, plaizi, mkasi wa bati, glovu. Mbao na fremu za milango zipo kwenye kifusi. Zikiokolewa, mnapunguza gharama karibu yote ya mbao.

Binti Sayuni

Shikamooni. Sharika yetu ina magunia ya nguo, na wamama wameshaanza kufunga. Hazifai kabisa?

Mama Stoo

Marahaba mwanangu. Ziuzeni hapo hapo, mtume fedha. Uwanja wa ndege wa Kathmandu una njia moja tu ya kurukia. Mapema Mei 2015 ulifungwa kwa ndege zenye uzito unaozidi tani 196 kwa sababu lami ilianza kuharibika. Kila gunia la nguo lilikuwa limekalia nafasi ya turubai. Forodhani nako, turubai na mahema viliondolewa ushuru. Vingine vilisubiri karatasi.

Chakula nacho kinunuliwe huko huko au India. Wenyeji hula wali na dengu. Kipimo cha kawaida kwa mtu kwa siku ni gramu 400 za mchele, 60 za dengu, 25 za mafuta na 5 za chumvi. Familia ya watu watano kwa siku 30: mchele kilo 60, dengu kilo 9, mafuta kama lita 4, chumvi robo tatu ya kilo. Hapo umepata kama kilokalori 1,870 kwa mtu. Lengo ni 2,100, kwa hiyo ongezeni unga wa lishe, hasa penye watoto na wajawazito. Fungeni magunia ya kilo 25, ndiyo mzigo wa mtu mlimani. La kilo 50 litafunguliwa njiani na kupungua. Nyama ya ng'ombe ya makopo msipeleke kabisa. Kwa Wahindu ng'ombe ni mtakatifu, na kopo moja linaweza kuharibu jina la kanisa bonde zima.

Bwana Afya

Maji. Msipeleke ya chupa. Vijiji vile hutumia chemchemi na mabomba ya plastiki yanayoteremsha maji kutoka juu. Tetemeko lilikata mabomba, na chemchemi nyingine zilikauka au kuhama. Bunda la bomba lililoviringishwa, viungio na fundi mmoja vinarudisha maji ya kijiji kizima.

Wakati huo huo: lita 15 kwa mtu kwa siku, vyombo viwili vya lita 10 hadi 20 kwa familia, sabuni ya kuogea gramu 250 kwa mtu kwa mwezi. Kidonge cha klorini cha miligramu 67 hutibu lita 20 za maji maangavu, usubiri dakika 30. Maji yakiwa na tope, yachujwe kwanza kwa kitambaa na dozi iwe mara mbili. Kinachoharibika ni maelezo: familia ina ndoo ya lita 10, inaweka kidonge kizima, maji yananuka, watoto wanakataa, vidonge vinatupwa. Angalieni ukubwa wa ndoo zao kabla ya kuagiza vidonge.

Choo kianze kimoja kwa watu 50, kishuke hadi kimoja kwa 20, umbali wa mita 30 au zaidi kutoka kwenye chanzo cha maji. Vya wanawake viwe na komeo kwa ndani.

Mwinjilisti

Ndugu zangu, niseme lililo gumu. Msaada usibebe traktati. Kanuni za Maadili za 1994 za Msalaba Mwekundu na mashirika ya misaada, ambazo mashirika makubwa ya makanisa yamezisaini, zinasema msaada hautatumika kueneza msimamo wa dini. Hatuachi imani kwa kufanya hivyo. Mtu aliyezika mtoto jana hana uhuru wa kukataa mahubiri ya aliyeshika mchele, na imani inayopokelewa hivyo si ya hiari. Kwa Nepal kuna hatari zaidi: mgeni anapanda ndege kurudi kwao, mchungaji wa kijijini ndiye anayebaki na kesi.

Orodha ianze na kata nzima, isianze na washirika wa kanisa. Kazi ilikuwa lazima ipite kwa kamati ya maafa ya wilaya chini ya mkuu wa wilaya. Hiyo si kero tu, inazuia kijiji cha barabarani kupewa mara tatu na cha mlimani kukosa. Orodha ibandikwe ukutani siku moja kabla, majina yasomwe, watu wasahihishe. Kisha tiketi yenye namba, sahihi au dole gumba, foleni ya wazee, walemavu na wajawazito peke yake. Msigawe kutoka nyuma ya lori. Wenye nguvu ndio hufika. Wadalit, wale wa tabaka la chini, husogezwa mwisho wa mstari, au kambi yao haitajwi kabisa. Ulizeni kwa jina la kitongoji: wale wa kule bondeni wako wapi?

Mlezi

Naongeza moja: msichangie kituo kipya cha yatima. Baada ya tetemeko serikali ya Nepal ilizuia watoto kusafirishwa bila mzazi au mlezi na ikasimamisha kuasiliwa na wageni, kwa kuhofia biashara ya watoto. Wengi wanaoitwa yatima wana mama, shangazi au bibi. Fedha ya kitanda kimoja kituoni inalipa ada, sare na mchele wa mtoto huyo akiwa kwa bibi yake.

Fundi Bati

Narudi kwenye nyumba ya kudumu. Ukuta wa kule ni mawe na tope, nyuso mbili zenye kokoto katikati. Ukitikiswa nyuso zinaachana, na paa la mawe bapa linashuka juu ya watu. Dawa ni jiwe refu la kufungia linalopita unene wote wa ukuta, kila sentimita 60 kwenda juu na kila mita 1.2 kwenda pembeni. Ongeza mkanda wa zege au mbao kwenye msingi, chini ya dirisha, juu ya mlango na chini ya paa. Mlango usikaribie kona kwa chini ya sentimita 60. Pembetatu ya juu iwe ya mbao au bati.

Serikali ilitoa rupia 300,000 kwa nyumba, kwa awamu: 50,000, halafu 150,000 baada ya msingi kukaguliwa, mwisho 100,000. Asiye na hati ya ardhi alikwama mlangoni, na mjane asiye na vibarua alikwama kwenye msingi. Hapo ndipo sadaka iliyongojea hufanya kazi: mafunzo ya waashi wa kijiji, nauli ya saruji na nondo, ujira wa siku za msingi wa mjane.

Na vifaa viwekwe stoo ya wilayani mapema. Mwishoni mwa Septemba 2015 mpaka wa India ulizibwa hadi Februari, dizeli ikaadimika, na baridi ikawakuta watu mabati yakiwa Kathmandu. Kabla ya kufukia msingi pigeni picha ya mkanda pamoja na futi kamba ikionekana. Mkaguzi akichelewa, hamtalazimika kuuchimbua ndipo awamu ya pili itoke.