Msaada: Maji Maji, kila chanzo na idadi yake ya vifo

Mwanachuo_Kusini: Wakuu, habari zenu. Pendekezo langu la utafiti, "Sababu na madhara ya Vita vya Maji Maji", limerudishwa limeandikwa "pana mno". Halafu idadi ya waliokufa: huku 75,000, kule 300,000. Nishike ipi?

Tanbihi: Usishike yoyote kabla hujaifuata ilikozaliwa. Fungua tanbihi, ikikupeleka kwenye kitabu kingine, fungua na za hicho, mpaka umfikie aliyekadiria. Kurasa ishirini zilizonakiliana ni shahidi mmoja. Ukimfikia, angalia kahesabu nani (waliouawa vitani tu, au na waliokufa njaa?), eneo gani, mpaka mwaka gani. 75,000 ni makadirio ya maofisa wa Kijerumani. 250,000 hadi 300,000 ni ya mwanahistoria Gwassa, zaidi ya miaka sitini baadaye, na njaa imo. Hakuna aliyehesabu makaburi, kwa hiyo namba na jina la mwenye makadirio vikae sentensi moja.

Utakutana pia na kitabu cha von Götzen cha 1909. Huyo ndiye aliyekuwa gavana vita vilipoanza, anajitetea. Kwa mienendo ya vikosi kinafaa. Kwa sababu za vita, kisome ukijua nani anaandika.

Mzee wa Makabrasha: Kwenye swali, mdogo wangu, "sababu na madhara" ni tafiti mbili, na eneo linatoka Kilwa hadi Songea. Bana mahali, miaka na watu. Kisha chini ya swali orodhesha nyaraka zitakazolijibu. Usipofikisha tatu, badilisha swali. Mafaili ya Wajerumani yaliyopo Nyaraka za Taifa, Dar, ni ya Kijerumani, mengi kwa mwandiko wa zamani usiosomeka kirahisi hata kwa anayeijua lugha. Kama huwezi, egemea mahojiano ya wazee yaliyokusanywa na wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar, mwaka 1968. Wengi walikuwa watoto 1905: kuhusu nani alileta maji (dawa iliyoaminika kumkinga mtu na risasi) na yaligawiwaje, wasikilize sana, kuhusu tarehe, linganisha kwingine.

Mwanachuo_Kusini: Asanteni. Nimebana hivi: "Pamba ya kulazimishwa ilisababishaje Wamatumbi kuanza vita Julai 1905?"

Tanbihi: Mahali, mwaka na watu sawa. Ila "ilisababishaje" imeshajibu kabla hujasoma faili hata moja, utaokota ushahidi wa pamba tu. Weka "ilikuwa na nafasi gani", ili kodi na maakida (watawala wa ngazi ya chini waliowekwa na Wajerumani) nao waweze kujitokeza.