MJADALA: Steringi wa mchezo wa watoto anavua kwa kokoro. Mwishoni akamatwe au aachwe?

Mzazi_Kirumba
Wadau, habari za jioni. Darasa la Saba shuleni kwa mwanangu wanaandaa mchezo wa kuigiza wa mahafali, wameutunga wenyewe. Steringi, yaani mhusika mkuu, ni mvuvi, wamempa jina Mabula. Anavua usiku kwa kokoro, wavu wa kuburuza uliopigwa marufuku, anawachenga watu wa doria, ana madeni kila kibanda pale mwaloni samaki wanaposhushwa, na ana mke wa pili ambaye mke mkubwa hana habari naye. Siku ya dhoruba mtumbwi wa abiria unapinduka. Boti ya doria inagoma kutoka kwa sababu ya mawimbi. Mabula anatoka, na lile lile kokoro lake haramu ndilo analolitupa, watu wanalishika, anawaburuza hadi nchi kavu. Pazia. Hakamatwi, hatubu, anasikika tu akiuliza nani kachukua ndoo yake ya samaki.

Kikao cha wazazi kiligawanyika. Sisi wengine tumesema mwisho ubadilishwe: akamatwe, au achome kokoro mwenyewe mbele ya kijiji. Mnaonaje? Ni sawa watoto wa miaka 13 wamshangilie mhalifu kwa kuwa tu ana moyo?

Dagaa_Mkavu
Steringi hafi, steringi hakamatwi. Hiyo sheria ya kibanda umiza cha video ina umri mkubwa kuliko sheria ya uvuvi. Uzi ufungwe.

Mwalimu_Mstaafu
Ndugu mzazi, hilo swali nimekula nalo mshahara maisha yangu yote. Chukua Karama wa Shaaban Robert katika Kusadikika. Kashitakiwa kwa hila, anasimama barazani siku hadi siku anajitetea kwa maneno, hana doa hata la dawa. Nimemfundisha sana Karama. Wanafunzi walimheshimu, wakamwandikia insha nzuri, kengele ikilia wamemsahau. Sasa walete kwa Kazimoto wa Kichwamaji ya Kezilahabi. Msomi, jeuri, kijijini kwao anawaona watu wote washamba, na mwisho wake unaujua, anajiua. Kengele ililia, darasa halikutoka. Msichana mmoja wa nyuma alisimama juu ya kiti akimtukana Kazimoto kana kwamba ni kaka yake. Huyo ndiye mhusika anayefundisha. Na kumbukeni Rosa Mistika ilipotoka 1971 ilipigwa marufuku mashuleni kwa hoja hii hii ya kuwaharibu watoto, baadaye ikaruhusiwa na hatukuona nchi ikianguka.

Waacheni watoto na Mabula wao. Ila waangalie kazi za wakubwa. Kwa bahati waandishi wazito wa Ziwa Victoria hili wote ni wa Ukerewe, Kezilahabi na Kitereza. Ndugu zetu Wasukuma wao wamejaliwa ngoma.

Ngosha_wa_Magu
Mwalimu shikamoo. Hiyo ya "wamejaliwa ngoma" umeiokota wapi? Yaani watu wote hawa, kuanzia Shinyanga mpaka Geita, kazi yetu kukata viuno na kubeba chatu? Manju, mtunzi wa nyimbo, wa chama cha ngoma cha Bagika akisimama mbele ya wapinzani wao Bagalu anatunga papo hapo beti za kumvua nguo mpinzani wake, wewe unaita ngoma. Akiandika mtu wa kisiwani unaita fasihi.

Na kama ni shujaa, wetu hahitaji kalamu. Zimwi Shing'weng'we alimeza watu wote na mifugo yote, akabaki mama mmoja mjamzito kajificha kwenye makapi. Akamzaa Masala Kulangwa. Kijana kakua, kauliza watu wako wapi, kalitafuta dude, kaliua, kapasua tumbo, watu wakatoka wazima. Hana deni kibandani, hana mke wa kificho. Mzazi_Kirumba, wape watoto hiyo waigize.

Binti_Nansio
Hahaha Ngosha, mbona umeishia njiani? Bibi umemficha wapi? Wakati anapasua tumbo kisu kilimkata bibi mmoja sikio, bibi akatoka na hasira, akamwandama kijana kwa uchawi. Shangazi yangu kaolewa Kisesa, Usukumani huko, hadithi hiyo nimeisikia yote, si nusu. Hata steringi wenu ana kesi.

Ngosha_wa_Magu
Yule bibi hakuwa na shukrani tu. Umetolewa tumboni mwa zimwi, unalalamikia sikio?

Mayu_Buhongwa
Ngosha, rudia hapo. Hana shukrani? Nije kwako na panga, nikutoe kwenye shida na sikio moja liende, halafu uniambie wabeja sana? Wanaume mnapenda hivyo. Mtu akishakuokoa mara moja basi unyamaze maisha. Nina mwaka wa ishirini na kitu kwenye ndoa na shujaa wa namna hiyo, aliwahi kulipa ada ya mdogo wangu, mpaka leo nikiuliza hela ya mboga nakumbushwa ada.

Ngosha_wa_Magu
Mayu, mambo ya nyumbani kwako usiyaingize kwa Masala Kulangwa.

Mayu_Buhongwa
Yameingia yenyewe. Wewe ndiye uliyesema shukrani.

Dagaa_Mkavu
Sikio la kulia au la kushoto? Naomba ushahidi.

Mtu_wa_Pasiansi
Samahani, nina jambo dogo. Watoto wetu wote tumewalea kwa hadithi za Sungura. Sungura ni mwizi, mwongo, tapeli, kila siku anamwingiza Fisi kwenye matatizo ambayo Fisi hakuyatafuta. Hakuna mzazi hata mmoja niliyewahi kumsikia akidai Sungura akamatwe mwisho wa hadithi. Kwa nini Mabula?

Mvuvi_Halisi
Mimi nina shida na Mzazi_Kirumba. Neno "mhalifu" umelitaja mara moja tu lakini limenikaa kooni. Nimekua navuta kokoro. Unajua linavutwaje? Mtumbwi unaenda kulimwaga ziwani, kamba mbili zinarudi ufukweni, watu wanajipanga pande mbili, unajifunga kamba kiunoni, unarudi kinyumenyume mchanga unakuchubua visigino. Kule mwisho unapewa samaki zako za kupeleka nyumbani. Mama yangu alikuwa kwenye ile kamba na mtoto mgongoni. Huyo ndiye mhalifu wako.

Halafu huo mchezo umetungwa na watu wa mjini. Kokoro halitupwi na mtu mmoja kwenye dhoruba kama kamba ya ng'ombe. Lingemzamisha yeye kwanza.

Mizani_Mwaloni
Mvuvi_Halisi pole na visigino, lakini tuseme na upande wa pili. Kokoro linafagia kina kifupi, pale pale sato wanapozalia. Linatoka na mayai, na vitoto, na majani. Sheria inasema sangara asiwe chini ya sentimita 50, sato asiwe chini ya 25. Mimi niko mizani, naletewa sangara wa kulala kwenye kiganja. Wakiisha hao, mama yako na mtoto wake mgongoni watavuta mchanga mtupu.

Mvuvi_Halisi
Na viwanda vilivyokuwa vinanunua hao hao wachanga navyo vipo kwenye mchezo? Au nao ni masteringi?

Mizani_Mwaloni
Usinibebeshe viwanda. Mimi napima tu.

Mvuvi_Halisi
Kila mtu pale mwaloni anapima tu.

Dagaa_Mkavu
Tulianza na fasihi, sasa hivi tupo kikao cha BMU, kile kikundi cha kulinda ufukwe na uvuvi. Nani ana kalamu aandike mahudhurio?

Kapripoint
Nirudi kwenye mada. Nyie wakubwa wote hapa mlimsoma Willy Gamba wa Elvis Musiba chini ya dawati. Gamba anakunywa, anabadilisha wanawake, anaua watu na kuendelea na safari. Mkatoka pale mkawa wahasibu na wachungaji. Hakuna aliyekuwa muuaji. Hii hofu kwamba mtoto anakuwa kile anachokishangilia ni ya kutunga.

Mzazi_Kirumba
Willy Gamba ni mpelelezi. Anatumikia nchi. Anachofanya kina kibali.

Kapripoint
Aaah! Kwa hiyo shida si damu wala wanawake, shida ni kibali. Basi Mabula akate leseni tuendelee na mahafali.

Mizani_Mwaloni
Kokoro halina leseni.

Kapripoint
Kaka, nilikuwa natania.

Mzazi_Kirumba
Msinigeuze kichekesho. Nina kijana wa darasa la saba, na mtaani kwetu kuna jamaa kila mtu anajua hela yake inatoka wapi, na kila harambee yeye ndiye anaanza kutoa. Watoto wanamwita "tajiri wetu". Nikimwambia mwanangu hela ile si safi ananijibu "lakini baba, amejenga choo cha shule". Hicho ndicho ninachokiogopa kwa Mabula. Anayeokoa watu Jumatatu anaweza kuwafilisi wiki nzima, nasi tukapiga makofi.

Mayu_Buhongwa
Ndiyo yale yale ya sikio.

Ngosha_wa_Magu
Mayu bado upo?

Binti_Nansio
Nami niseme kuhusu Myombekere wa Kitereza maana mwalimu kamtaja mwandishi akaacha mhusika. Hapigani na mtu. Mke wake hazai, ndugu za mume wanamsimanga, baba mkwe anakuja kumchukua binti yake. Myombekere anafanya nini? Anakwenda kumwomba arudi, wakwe wanamtoza faini ya pombe ya ndizi, anarudi nyumbani kuanza kazi ya kuipika, ndizi ziive, zikamuliwe, zichachuke. Kurasa na kurasa za mtu anayehangaika na pombe ili apewe mkewe. Kwangu huyo ndiye mwanaume. Watoto waigize hiyo.

Kapripoint
Kitabu cha 1945 kile, watoto wa leo watalala.

Mwalimu_Mstaafu
1945 ndipo alipomaliza kukiandika kwa Kikerewe, kijana. Kikatoka 1980, kwa Kiswahili alichokitafsiri yeye mwenyewe. Mzee alifariki 1981. Miaka thelathini na tano mswada unasubiri mchapaji, wewe unasema watoto watalala.

Ngosha_wa_Magu
Sawa mwalimu, na ngoma?

Mswahili_wa_Nera
Huku ndani mnazungushana na mashujaa wa ziwa. Pwani Liyongo aliuawa na mwanawe wa kumzaa, kachomwa sindano ya shaba kitovuni usingizini, kwa ahadi ya kuozwa binti wa mfalme. Liyongo kafa kapiga goti na upinde mkononi, watu wakaogopa kwenda kuteka maji wakidhani yu hai. Sasa mkitaka mhusika wa kuumiza kichwa ni yule mtoto. Kila mtu anataka kuigiza Liyongo, hakuna anayetaka kushika sindano. Mimi ningekuwa mwalimu ningeanzia kwenye sindano.

Mtu_wa_Pasiansi
Naona suala la Sungura mmeliruka.

Dagaa_Mkavu
Sungura ana kibali.

Mvuvi_Halisi
Mimi sitaki Mabula atubu. Mnajua kwa nini? Kwenye michezo yote ya shule niliyoiona, maskini ndiye anayetubu. Mlevi anatubu, mwizi wa kuku anatubu, msichana aliyepata mimba anatubu mpaka analia kwelikweli jukwaani. Mwenye boti hajawahi kutubu. Mwacheni mmoja aondoke na ndoo yake.

Mizani_Mwaloni
Hapo nakubaliana na wewe. Kwenye kokoro bado.

Mzazi_Kirumba
Taarifa. Walimu wameamua kuingiza askari wawili mwishoni, Mabula anafungwa pingu, pazia. Ila kuna tatizo jipya. Mazoezi ya leo yule aliyepangwa kuwa askari mkuu amegoma. Anasema boti yake iliogopa mawimbi, ataanzaje kumfunga pingu mtu aliyeingia majini? Wamembadilisha, wa pili naye kagoma. Na mwenye jukumu la Mabula anasema yuko tayari kukamatwa ila kwanza arudishiwe ndoo.

Kapripoint
Hao watoto wamalize tu darasa la saba waje watufundishe.

Mayu_Buhongwa
Na mke wa pili mmemfanyaje? Mke mkubwa kajua au hajajua? Maana naona kesi zote zimesikilizwa isipokuwa hiyo.

Mzazi_Kirumba
Mama, mke wa pili ameondolewa. Wazazi walisema haifai kwa watoto.

Mayu_Buhongwa
Kaondolewa! Kokoro limebaki, mke kaondolewa. Nimeelewa.

Mvuvi_Halisi
Na hao askari wakishamfunga pingu, samaki wa kwenye ndoo wanaenda wapi? Andikeni na hiyo.

Mizani_Mwaloni
Wanagawiwa kwa amri ya mahakama, shule, hospitali, magereza.

Mvuvi_Halisi
Wewe uliwahi kuwaona wakifika?

Mizani_Mwaloni
Nimesema napima tu.

Ngosha_wa_Magu
Mwalimu Mstaafu nakuona upo hewani. Habari ya ngoma bado hujanijibu.