Kanumba alizikwa pamoja na Bongo Movie? Mimi napinga

Wadau, kila ikifika Aprili 7 wimbo ni ule ule: "Kanumba aliondoka na Bongo Movie yake," yaani filamu zetu za Tanzania zilikufa naye. Watu wanaposti picha, wanaandika pumzika kwa amani, kisha wanamalizia na hukumu hiyo. Naomba tuijadili, maana naona tunamsingizia marehemu.

Kwa wadogo zetu ambao 2012 walikuwa chekechea: mwigizaji Steven Kanumba alifariki nyumbani kwake Sinza, Dar es Salaam, usiku wa kuamkia Jumamosi ya Pasaka, akiwa na miaka 28. Alipoagwa Aprili 10, viwanja vya Leaders vilifurika hadi shughuli ya kuaga mwili ikakatizwa. Watu wanazimia, wanabebwa juu juu. Makamu wa Rais wa wakati huo, Dk. Bilal, alikuwepo. Mambo ya kesi ya kifo chake tuyaache, mahakama ilishamaliza.

Sababu za kumlilia zilikuwepo. Wakati filamu za Nigeria ndizo zinatawala deki zetu, yeye 2006 akatoka na "Dar to Lagos" akiwa na Mnigeria Mercy Johnson. Baadaye akamleta Mnigeria mwingine, Ramsey Nouah, kwenye "Devil Kingdom". Aliigiza, aliongoza, alitayarisha, na akawapa watoto nafasi ya kubeba filamu. Ushindani wake na mwigizaji mwenzake Ray (Vincent Kigosi) uliuza kazi za wote wawili. Kuanzia Bujumbura mpaka Lubumbashi walikuwa wanamjua. Na tusisahau, wengi wa waliomlilia ndio hao hao waliomcheka Kiingereza chake alipoingia jumba la Big Brother, kile kipindi cha televisheni cha Afrika.

Sasa tuje kwenye biashara. Mnakumbuka vibanda vya CD? Kava zimebanwa ukutani, kila moja ina sura nne kubwa, jina la Kiingereza, na pembeni "Part 1". Unanunua, unafika nyumbani, dakika kumi za mwanzo gari linaingia getini, linatoka getini. Kwenye mazungumzo ya sebuleni muziki unafunika sauti, na stori inapoanza kukolea unaambiwa usubiri "Part 2". Hayo yalikuwepo Kanumba akiwa hai. Hata baadhi ya filamu zake zilikuwa hivyo, tuseme tu.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Kwa sababu mtayarishaji alikuwa anauza masta (nakala mama ya filamu, pamoja na haki ya kuiuza) kwa msambazaji kwa bei ya mara moja, basi. Iuzike nakala elfu au laki, yeye haimhusu tena. Ukilipwa hivyo, akili inakutuma upige haraka, ugawe stori moja vipande viwili, ukauze nyingine mwezi ujao. Nani angekaa na mswada mwaka mzima? Huku mtaani mtu anachoma nakala usiku, asubuhi zipo barabarani. Stempu za kodi za TRA, za kubandikwa kwenye nakala halali, zilikuja 2013 na wezi hawakuacha. Kisha zikaja flashi na memori kadi, fundi simu anakujazia filamu kwa buku. Deki yenyewe ikafa. Hapo Kanumba angefanya nini?

Ushahidi wangu mkubwa ni Aprili 2017. Wasanii wa Bongo Movie waliandamana Kariakoo kupinga filamu za nje zinazouzwa kiholela. Mnakumbuka mtaa ulivyowajibu? Tengenezeni filamu nzuri, acheni kutusumbua. Wasanii walikuwa na hoja, maana huwezi kushindana na bidhaa ambayo muuzaji hakuilipia chochote. Lakini lile jibu lilikuwa la mteja aliyechoshwa na "Part 1" kwa miaka mingi. Hakuna aliyesema amesusa kwa sababu Kanumba hayupo.

Na mtazamaji hakufa. Leo akina mama wanalipia king'amuzi kwa ajili ya tamthilia, ukizima TV wakati wa "Jua Kali" utalala njaa. Filamu ya "Vuta N'kuvute" ya Amil Shivji ilifika tamasha la filamu la Toronto, Kanada, 2021, ingawa ukimuuliza bodaboda kama ameiona atakushangaa. Kilichokufa ni soko la CD.

Kuna hoja moja ya upande wa pili naikubali. Kanumba alikuwa na sura inayouza filamu nje ya mipaka, na hakuna aliyeshika nafasi ile. Pengine angewahi kuhamia kwenye televisheni kabla ya wenzake na kuwavuta. Pengine. Ila tasnia inayosimama kwa mguu wa mtu mmoja ilikuwa mgonjwa tayari.

Mimi ningependa badala ya kuposti mishumaa tuulize jambo gumu zaidi: zile filamu zake zinazorushwa mpaka leo mitandaoni, hela inaingia kwa nani? Na je, sheria ipige marufuku mtu kuuza masta yote kwa mkupuo, au tutakuwa tunamwingilia mwenye mali yake? Mimi nipo upande wa kupiga marufuku. Wanaopinga karibuni, ila mnijibu na ile Aprili 2017.