Jaji hakuandika sababu, nami naulizwa alikosea wapi

Rufaa yangu dhidi ya chuo kikuu kilichonifutia usajili wiki tatu kabla ya mitihani ya mwisho imetupwa, na mpaka ninapoandika haya hakuna aliyenieleza kwa nini jaji wa kwanza alininyima zuio la muda, yaani amri ya kukizuia chuo mpaka kesi iamuliwe. Chuo kilidai kwamba sikulipa ada kwa wakati. Aya ya saba ya hati yangu ya kiapo ilitaja siku niliyolipa, na stakabadhi yenye muhuri wa mhasibu wa chuo hicho hicho iliambatishwa. Uamuzi mdogo wa jaji huyo una kurasa mbili: ukurasa wa kwanza unarudia majina ya wahusika na tarehe, kisha mistari sita inasema kwamba mahakama, kwa hiari yake, haioni haja ya zuio, kwamba hasara yangu inafidika kwa fedha, na kwamba nilipe gharama. Mtihani uliokupita unafidiwa kwa fedha kiasi gani? Aya ya saba haikuguswa.

Wakili wangu alikwisha kunionya kwamba amri za hiari ya jaji, zile ambazo sheria inamwachia apime mwenyewe, hazing'oleki kirahisi. Tangu shauri la House dhidi ya Mfalme kule Australia mwaka 1936, na kwetu Mbogo dhidi ya Shah mwaka 1968, mahakama ya juu haiingilii kwa sababu tu yenyewe ingeamua vingine; sharti mrufani aonyeshe kwamba jaji alijielekeza vibaya kisheria, aliacha jambo la msingi, alizingatia lisilohusika, au alifikia matokeo yasiyoingia akilini. (Warufani wa mashauri yote mawili walishindwa, kwa anayetaka kujua.) Kanuni yenyewe siipingi, maana bila hiyo kila amri ndogo ingekatiwa rufaa na kesi zisingekwisha.

Lakini nilisimama mbele ya majaji wa rufaa nikaulizwa mara mbili, "Jaji alikosea wapi?" Nitajuaje, ikiwa hakuandika alichofikiri? Jaji anayefafanua sababu zake kwa kurasa kumi humwachia mrufani pa kushika, ilhali wa mistari sita hashikiki, na hivyo uvivu wa kalamu umekuwa kinga yake. Shauri hilo la 1936 linaruhusu kosa lichukuliwe kuwa lipo, hata lisipoonekana, pale matokeo yanapokuwa dhuluma ya wazi. Niliwasomea sehemu hiyo neno kwa neno. Nikajibiwa kwamba huenda wao wangeamua tofauti, ila hicho si kipimo.

Jana nimeletewa hati ya madai ya gharama za chuo. Kipengele cha nne ni malipo ya wakili wao kwa kuisoma hati yangu ya kiapo, pamoja na stakabadhi yake.