Namba za mtetemo wa boriti zinapaa kila nikiongeza elementi

Mpiga_Hesabu:
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada, nimekwama. Nina jukwaa la chuma linalobeba mota ya pampu: boriti mbili za IPE 300 (chuma chenye umbo la I, kimo mm 300), urefu mita 6, zimeegemea nchani tu. Mota na kitako chake ni kilo 400, zimekaa katikati, kasi mizunguko 1470 kwa dakika. Programu nimeandika kwa Python, elementi 10 (vipande vya kukokotolea) kwa kila boriti, natembeza muda kwa mbinu ya tofauti ya kati (central difference), hatua ya sekunde 0.001. Hatua chache za mwanzo zinakwenda, halafu boriti "inahama" mamilioni ya mita, kisha inaandika nan (yaani "si namba"). Nikaweka elementi 20, ndiyo kwanza inalipuka mapema zaidi. Matriksi za masi na ukakamavu (ugumu wa kupinda) nimezikagua, ziko sawa. Tatizo liko wapi?

Fundi_Mitetemo:
Mkuu, kama matriksi ziko sawa basi acha kuwinda kosa kwenye kodi. Mbinu hiyo ina sharti: hatua ya muda isizidi 2 ukigawa kwa masafa ya juu kabisa (kwa radiani) yaliyomo kwenye matriksi zako. Hata kama hayo masafa huna haja nayo kabisa, ndiyo yanayoamua.

Chukua elementi moja ya mita 0.6 ikiwa huru, bila egemeo. Kwa matriksi kamili ya masi, masafa yake ya juu ni mzizi wa 8400EI/(mh⁴). E (ugumu wa chuma chenyewe) ni GPa 210, I (ukinzani wa umbo la boriti dhidi ya kupinda) ni sm⁴ 8356, m ni masi, kilo 42.2 kwa mita, na h ni urefu wa elementi. Unapata radiani kama 164,000 kwa sekunde, hivyo hatua salama ni sekunde 0.000012 hivi. Wewe umeweka kubwa kuliko hiyo mara themanini na ushee! Na kwa kuwa h⁴ imo ndani ya mzizi, ukikata elementi nusu hatua salama inashuka hadi robo. Elementi 20 zilikuwa zinakuzidishia balaa.

Hamia mbinu ya Newmark, nayo ni ya kutembeza muda, vigezo vyake uweke gama 1/2 na beta 1/4. Nathan Newmark wa Chuo Kikuu cha Illinois aliichapisha 1959. Ni yuleyule aliyeshauri usanifu wa Torre Latinoamericana, Mexico City, jengo lililohimili tetemeko la 1957. Kwa vigezo hivyo hailipuki hata uweke hatua ya sekunde nzima. Hapo ndipo naomba uwe makini sana: kutolipuka si kuwa sahihi. Hatua kubwa itakupa mchoro laini, mzuri, wa uongo. Mimi huwa naanza na sehemu moja ya ishirini ya kipindi cha modi (umbo la mtetemo lenye masafa yake) ninayoitaka, kisha naipunguza nusu nione kama jibu linahama.

Binti_Nondo:
Naongezea. Kabla ya programu yoyote, kalamu na karatasi. Kila boriti inabeba kilo 200, ongeza 17/35 ya masi yake yenyewe (kilo 253), yaani kilo 123. Ukakamavu 48EI/L³ (L ni urefu wa boriti) ni kama N/m milioni 3.9. Masafa asilia (ambayo boriti hutetemeka yenyewe ikigongwa) yanakuja Hz 17.5. Programu ikikupa namba iliyo mbali na hiyo, usiiamini.

Mpiga_Hesabu:
Asanteni sana wakuu. Newmark imetulia, na modi ya kwanza ni 17.5 kweli. Mota ni Hz 24.5, kwa hiyo niko salama?

Fundi_Mitetemo:
Ikishafika kasi yake, ndiyo. Ila ili ifike huko lazima ipite mizunguko 1050 kwa dakika, na hapo ndipo penye 17.5 yako: mota inasukuma kwa masafa yaleyale ya jukwaa na mtetemo unakua. Ikiwashwa moja kwa moja inapita haraka. Kama inaendeshwa na kidhibiti kasi na mtu akaiacha hapo, jukwaa litatetemeka vibaya na bolti zitaanza kulegea. Kidhibiti kifungwe kiruke kasi hizo.

Mpiga_Hesabu:
Na ufifishaji (uwezo wa jukwaa kuua mtetemo wake) niweke asilimia ngapi?

Fundi_Mitetemo:
Usikisie, jukwaa si unalo? Zima mota, gonga katikati ya boriti kwa nyundo ya mpira, rekodi kwa kipima mchapuko kilichofungwa imara. Hesabu mizunguko ya mtetemo mpaka ukubwa wake ushuke nusu. Ikiwa 11, ufifishaji ni asilimia 1. Ikiwa 22, ni nusu asilimia, na hapo kwenye 1050 pasichezewe hata kidogo.